Taa ya mbele haikuwaka: uchambuzi wa kisa cha gia ya ndege ndogo Tanga

Ndege ilikuwa Piper Seneca, ya injini mbili, ikitoka Dar es Salaam kwenda Tanga na rubani mmoja na abiria watatu. Ilikuwa alasiri ya msimu wa kusi, anga safi, milima ya Usambara ikionekana tangu Pangani. Ilitua magurudumu makubwa mawili yakiwa yamefunga na la mbele halijafunga. Mwisho wa mbio pua ikalala kwenye lami, mapanga ya injini zote mbili yakapinda, na watu wote wanne wakashuka kwa miguu yao wenyewe.

Mimi ni fundi wa ndege. Niliitwa kusaidia kuinyanyua, na baadaye nilikuwa miongoni mwa walioifungua gia ile, yaani miguu ya magurudumu na mitambo yake, kipande kwa kipande. Jina la mwenye ndege, herufi za usajili zinazofuata 5H (alama ya ndege za Tanzania) na tarehe ya tukio nimeviacha makusudi, kwa makubaliano na waliohusika. Ninachotaka kieleweke ni hiki: gia haikuharibika siku ile. Ilikuwa inaharibika kwa miezi kadhaa, ikitoa dalili ileile, na karibu kila aliyeirusha ndege hiyo alikuwa anaijua dalili hiyo. Haikuandikwa.

Gia inavyofanya kazi

Seneca ilianza kutengenezwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hukunja magurudumu yake yote matatu baada ya kuruka. Pampu ya umeme husukuma mafuta ya haidroliki, mafuta husukuma silinda, silinda huvuta miguu juu. Jambo ambalo abiria wengi hawalijui, na wanafunzi wa urubani hulisahau, ni kwamba huko juu hakuna komeo. Kinachoishikilia gia ni presha ya mafuta peke yake. Presha ikipotea gia inaanguka kwa uzito wake, na springi zinamalizia kuisukuma mpaka ifunge. Ndiyo maana kitufe cha dharura cha kuvuta kilichoko kwenye dashibodi kina kazi moja tu, kuiachia presha. Naupenda muundo huu. Mfumo ukifa, gia inashuka badala ya kubaki ndani.

Kufuli iko chini. Mguu wa mbele unashikiliwa na kiungo cha vipande viwili vilivyounganishwa katikati kwa bolti. Gia ikishuka, vipande hivyo vinanyooka, kisha vinaupita kidogo mstari ulionyooka na kutulia hapo. Ni kazi ya goti: ukisimama ukalikaza kwa nyuma, uzito wako mwenyewe unazidi kulifunga, lakini likibaki limepinda hata kidogo kwa mbele, uzito huohuo unalikunja. Gia iliyobakiza milimita mbili kufika mahali pake itaonekana imenyooka kwa macho ya kila mtu, na itakunjika mara pua itakapoiegemea.

Kila mguu una swichi ndogo inayobanwa kufuli ikikaa, na kila swichi ina taa yake ya kijani kwenye dashibodi. Kijani tatu maana yake miguu mitatu imefunga. Kuna pia taa nyekundu inayowaka gia ikiwa njiani, na honi inayolia rubani akipunguza nguvu za injini ili atue wakati gia haijafunga.

Hewani

Rubani alishusha gia akiwa kusini mwa mji. Kwa kawaida inachukua sekunde sita au saba. Kushoto kijani, kulia kijani, mbele giza, na nyekundu inawaka. Akafanya alichozoea kufanya kwenye ndege ile: akaipandisha gia, akaishusha tena. Matokeo yakawa yaleyale. Hapo akaacha kutua, akapanda hadi futi 2,000, akaelekea baharini mashariki ya Ras Kazone na kuwaambia waongozaji wa mnara kwamba ana tatizo la gia na anahitaji muda.

Kupanda na kwenda pembeni ulikuwa uamuzi bora kabisa wa siku ile. Sababu yake imeandikwa kwa damu. Tarehe 29 Desemba 1972 ndege kubwa ya Eastern Air Lines, safari namba 401, ilikuwa inakaribia Miami taa ya gia ya mbele ikakataa kuwaka. Wafanyakazi wote wa chumba cha marubani wakashughulika na taa ile. Wakati wanaihangaikia, mtambo wa kurusha ndege wenyewe uliachia kushikilia kimo, ndege ikaanza kushuka polepole usiku juu ya vinamasi vya Florida, na hakuna aliyeona mpaka wakawa wamechelewa. Walikufa watu 101 kati ya 176. Gia ya mbele ilikuwa imeshuka na kufunga. Kilichoungua ni balbu.

Rubani wetu alikuwa peke yake, hakuwa na msaidizi wa kumwachia usukani. Alichokuwa nacho ni kimo, mwanga wa mchana na mafuta ya zaidi ya saa mbili. Akapanga mzunguko mpana kati ya Ras Kazone na Kisiwa cha Jambe, akaweka kasi ndogo, ndipo akaanza kutafuta.

Alianza na jambo dogo ambalo limewasumbua marubani wengi wa Piper. Swichi ya taa za safari ikiwa imewashwa, taa za gia hufifishwa ili zisimuumize rubani macho usiku. Mchana wa jua kali taa iliyofifishwa huonekana imezima. Swichi ilikuwa imezimwa, kwa hiyo si hilo. Akachomoa balbu ya kushoto, ile iliyokuwa inawaka, akaiweka mahali pa ile ya mbele. Haikuwaka. Akairudisha kwao, ikawaka. Balbu ikaondolewa kwenye orodha.

Kisha akakagua breka za umeme, zile fyuzi za kubonyeza. Watu huzidharau. Tarehe 1 Novemba 2011 Boeing 767 ya shirika la LOT ilitua kwa tumbo Warsaw ikiwa na watu 231. Mafuta ya haidroliki yalikuwa yamevuja, na njia ya pili ya kushusha gia, ile ya umeme, haikufanya kazi kwa sababu breka yake ilikuwa imeachia. Hakuna aliyeumia, lakini breka moja ilitosha kuwafikisha hapo. Kwenye Seneca yetu breka zote zilikuwa ndani.

Ikabaki njia ya dharura. Akapunguza kasi chini ya noti 85, yaani kilomita 157 kwa saa, akaweka mkono wa gia chini, akavuta kitufe. Mafuta yakaachia presha. Akasubiri. Akaiinua pua na kuishusha kwa ustaarabu, akiitikisa ndege ili mguu upate msukumo wa mwisho. Nyekundu haikuzimika.

Ipo njia nyingine ambayo baadhi ya marubani huisimulia kwa fahari: kuyagusisha magurudumu makubwa kwenye lami kwa kishindo na kuruka tena, ili mtikisiko uufunge mguu wa mbele. Kwa uwanja wenye lami ndefu na ndege yenye nguvu huenda. Kwa Tanga sikubaliani nayo. Lami ni fupi, upepo wa kusi unakujia pembeni, na kishindo kikiidondosha pua kabla ya wakati unapoteza ndege ikiwa katika mwendo mkubwa. Rubani hakujaribu, na alifanya vizuri.

Kioo na mnara

Kwenye ubavu wa injini ya kushoto ya Seneca kuna kioo kidogo cha mviringo kinachomwezesha rubani kuliona gurudumu la mbele kutoka kitini. Aliliona. Lilikuwa limetoka. Kioo kile husaidia sana na hudanganya sana, kwa sababu kinaonyesha gurudumu na hakionyeshi kufuli. Anayeliona gurudumu limening'inia anapata hamu kubwa ya kuamini kwamba swichi tu ndiyo mbovu.

Akaomba kupita chini mbele ya mnara ili waliangalie kwa darubini. Hapo mazungumzo yalitoka kwenye Kiingereza cha redioni yakaingia Kiswahili.

"Kapteni, gurudumu la mbele tunaliona limetoka. Lakini kama limefunga, hilo siwezi kukuambia nikiwa hapa."

"Nimekuelewa, ndugu yangu. Basi nahesabu halijafunga."

Jibu lile la mwongozaji linastahili kufundishwa. Hakusema "iko sawa". Mtu wa chini anapoona rubani ana wasiwasi hutamani kumpa moyo, na moyo wa namna hiyo unaweza kumfanya rubani aache maandalizi yote na kutua kama kawaida. Darubini, kioo, simu ya rafiki aliyesimama kando ya uwanja: vyote hivyo vinaona gurudumu. Kufuli inaonwa na swichi peke yake, na swichi ilikuwa inasema hapana.

Tanga au mbali zaidi?

Baada ya tukio nimewasikia watu wengi wakiuliza kwa nini hakwenda Zanzibar au Dar es Salaam. Ni swali la haki. Zanzibar ni kama kilomita 125 kutoka Tanga, Dar ni karibu 200, na kote huko kuna njia ya lami ya takribani mita 3,000 na zimamoto kubwa zaidi. Viwango vya zimamoto vya viwanja vya ndege, kwa utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hupangwa kwa ukubwa wa ndege zinazotumia uwanja, kwa hiyo uwanja mdogo unajiandaa kwa ndege ndogo.

Lakini urefu wa lami haukuwa shida yake. Seneca ikitua vizuri haihitaji hata nusu ya kilomita kusimama, na ndege inayokwaruza pua husimama mapema zaidi. Kwenda Zanzibar kungemaanisha kukaa juu ya bahari muda mrefu na gia iliyotoka. Kama injini ingeleta tatizo njiani, kutua majini magurudumu yakiwa nje ni jambo baya mno, ndege hupinduka. Tanga anaijua, mchana bado upo, upepo anausoma kwenye soksi ya uwanja, na Hospitali ya Bombo haiko mbali. Kwa maoni yangu alichagua sawa.

Ninapotofautiana naye ni kwenye kutangaza dharura. Alisema ana tatizo la gia, akaomba muda, lakini neno lenyewe la dharura alichelewa kulitamka mpaka alipomaliza kujaribu kila kitu. Ukitamka mapema, zimamoto wanapata muda wa kuvaa, hospitali inapigiwa simu, ndege nyingine zinaelekezwa pengine. Ukikuta baadaye kwamba ilikuwa balbu, wote wanarudi nyumbani na hakuna aliyepoteza kitu. Nawajua marubani wanaoogopa makaratasi yanayofuata. Makaratasi yatakuja hata hivyo.

Suala la mafuta pia lilijadiliwa sana. Kuyapunguza kabla ya kutua hupunguza hatari ya moto na uzito wa kugusa chini, na yeye alizunguka kwa muda kufanya hivyo. Mpaka wake aliuweka mapema: mafuta yakibaki ya saa moja, natua, gia iwe imefunga au haijafunga. Mpaka huo ndio uliokosekana Portland, Oregon, tarehe 28 Desemba 1978. DC-8 ya United, safari namba 173, ilikuwa na watu 189 na taa ya gia isiyowaka. Wakazunguka kama saa moja wakijiandaa na kuchunguza, mpaka injini zikaanza kuzima moja baada ya nyingine kwa kukosa mafuta. Watu 10 walikufa. Chanzo cha tatizo la gia kilikuwa kutu: fimbo ya silinda ya gia ya kulia ilikuwa imeliwa, ikaachia, mguu ukaanguka kwa kishindo na kuharibu swichi ya taa. Mguu wenyewe ulikuwa umeshuka. Kisa hicho ndicho kilichosukuma mashirika ya ndege kuanza kuwafundisha marubani namna ya kusikilizana ndani ya chumba chao.

Kutua

Abiria aliyekuwa kiti cha mbele alikuwa mzee wa makamo ya baba yake. Rubani alikwisha kokotoa mizani ya ndege, akaona akimhamishia nyuma uzito utabaki ndani ya mipaka na pua itakuwa nyepesi.

"Mzee wangu, naomba uhamie kiti cha nyuma kabisa, taratibu. Tutatua, na mwishoni pua itagusa chini. Mtasikia kelele na honi italia muda wote. Msishtuke."

"Sawa, mwanangu. Niambie tu nikae vipi."

Akawaambia: mikanda kaza chini ya tumbo, miwani na kalamu toa mfukoni, viatu vya kisigino vua, inama kichwa ukisikia nimesema. Mlango wa nyuma upande wa kushoto ukaachiwa komeo kabla ya kutua, ili bodi ikipinda usije ukakwama. Mama mmoja aliyekuwemo alinieleza baadaye kwamba kilichomtuliza ni ile habari ya honi. Ilipoanza kulia alijua ni ile aliyoambiwa.

Alitua kwa kasi ndogo kadiri ndege ilivyoruhusu, mabawa ya nyongeza yakiwa chini yote, magurudumu makubwa yakigusa kwanza. Usukani akauvuta nyuma taratibu kadiri mwendo ulivyopungua, pua ikabaki juu. Pua ikiwa bado juu akakata mafuta ya injini zote mbili, akafunga valvu, akazima magineto, mwisho akazima betri. Breki hakuigusa, kwa sababu breki huiangusha pua. Upepo wa pembeni aliushika kwa usukani wa mkia peke yake. Mkia uliposhindwa kuibeba pua, gurudumu la mbele likagusa, likabeba uzito kwa muda mfupi sana, likakunjika. Ndege ikakwaruza na kusimama karibu katikati ya lami. Moshi haukuwepo. Zimamoto walifika wakakuta watu wameshasimama kwenye majani upande upepo unakotoka.

Watu kadhaa waliniuliza kwa nini hakuzima injini akiwa bado hewani, ayasimamishe mapanga yawe mlalo ili yasigonge. Panga likigonga lami, injini lazima ifunguliwe yote ikaguliwe ndani, na injini za Seneca ni mbili. Nazijua gharama hizo kuliko wengi, na bado nasema asizime. Rubani anayezima injini zote mbili hewani amejinyima nafasi ya kurudi juu kama mbuzi wataingia kwenye lami au upepo utamsukuma. Injini zina bima. Akili yake yote ilihitajika kwenye kutua.

Tulichokuta

Ndege haikuguswa mpaka ruhusa ya wachunguzi ilipopatikana. Hilo ni takwa la Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, ambacho kinasema wazi kwamba uchunguzi wa ajali ni wa kuzuia nyingine, si wa kutafuta wa kulaumiwa. Naomba msomaji asome sehemu inayofuata kwa nia hiyo.

Ili kuinua pua tulifunga mifuko ya mchanga kwenye pete ya mkia, ile ya kufungia kamba ndege ikiegeshwa. Vijana wa uwanjani walitaka kukalia bawa la mkia, na ilibidi niwazuie kwa sauti: bawa hilo kwenye Seneca huzunguka lote zima, ukilikalia unaharibu bawaba zake. Pua ilipoinuka tukaweka jeki, nikalala chali chini yake na tochi.

Grisi ilikuwepo. Nalisema hili kwanza kwa sababu habari iliyoenea mjini ni kwamba hapakuwa na grisi. Ilikuwepo kwa nje, nyingi, nyeusi. Nilipoifuta kwa kitambaa ilitoka na mchanga mwembamba, na chini yake kiungo kilikuwa kikavu. Bolti ya katikati niliitoa kwa kuigonga kwa nyundo ya plastiki, wakati inatakiwa itoke kwa kusukumwa na kidole. Ilikuwa na mfereji. Ukipitisha ukucha unakwama mahali palepale bushi, yaani kibomba kinachoizunguka bolti, ilipokuwa inakaa. Bushi nayo tundu lake halikuwa duara tena, lilikuwa yai. Springi moja ya kufungia ilikuwa na kutu kwenye mikunjo na urefu wake umezidi wa mwenzake.

Kila kimoja cha hivyo kwa peke yake ni kidogo. Vikikutana, kiungo kinafika kwenye mstari ulionyooka na kusita hapo, hakipiti. Swichi tuliipima: nzima kabisa. Ilikuwa imesema kweli muda wote.

Baada ya matengenezo ya muda tuliiweka ndege yote juu ya jeki, vipande vikiwa vilevile vya zamani, tukaipandisha na kuishusha gia. Mara nyingi ilifunga. Mara chache ikasita. Ndani ya banda hakuna upepo unaousukuma mguu, hakuna baridi ya juu inayoikaza grisi, hakuna mtikisiko wa injini. Gia inaweza kufaulu mtihani wa banda na kufeli hewani, na fundi aliyeijaribu akawa hakusema uongo.

Chumvi ina mchango wake. Ndege hii ilikuwa inalala nje, kwenye viwanja vya pwani, Tanga, Pemba, Zanzibar. Miezi ya kusi upepo unatoka baharini kutwa, na unyevu wake una chumvi inayokaa kwenye kila kiungo. Wenye ndege wakiona chumvi wanaleta mashine ya maji ya presha. Maji hayo yanaipiga chumvi ya juu, yanaifukuza grisi ndani ya kiungo, na yanaacha maji mahali pake. Bodi inang'aa, kiungo kinaoza. Maji ya bomba yasiyo na nguvu, halafu grisi mpya isukumwe kwa pampu mpaka ya zamani itoke yote upande wa pili na rangi ya mpya ionekane, hapo ndipo umelainisha.

Udhaifu wa eneo hili si siri. Mwaka 2005 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo la lazima kwa ndege za familia ya PA-34, ambayo ni Seneca, kuhusu ukaguzi wa gia ya mbele na bolti ya kiungo chake, kuzuia gia hiyo isikunjike. Agizo lilikuwemo kwenye faili la ndege yetu, limesainiwa.

Kitabu

Kwenye kitabu cha hitilafu cha ndege tulikuta ingizo moja tu linalohusu taa ya mbele, la miezi mingi nyuma. Rubani aliandika kwamba taa inachelewa. Fundi akajibu chini yake: swichi imesafishwa, imejaribiwa, iko sawa. Baada ya hapo kurasa ziko kimya mpaka siku ya tukio.

Tulipozungumza na marubani walioirusha, kila mmoja alikuwa na habari. Mmoja alisema taa huchelewa asubuhi. Mwingine alisema huchelewa ukishusha gia ukiwa na kasi kubwa. Wote walikuwa na dawa ileile: ipandishe, ishushe tena, itawaka. Dawa hiyo ilipitishwa kwa mdomo na kwenye kundi lao la WhatsApp, kwa nia njema, ili mgeni kwenye ndege asishtuke. Nimeonyeshwa ujumbe mmoja: "Ya mbele ina kiburi, usiogope, mara ya pili inakubali." Ulipata dole gumba nyingi.

Nilimuuliza mmoja wao, mtu makini ninayemheshimu, kwa nini hakuandika. Akanijibu kwamba fundi alishaiangalia, na mwishowe taa iliwaka. Ndege inatua na kijani tatu, hitilafu iko wapi? Kuandika kungeisimamisha ndege, na abiria wa kesho wamelipa.

Naielewa hoja yake na naipinga yote. Taa inayowaka mara ya pili imetoa ripoti mbili: mara ya kwanza gia haikufunga, mara ya pili ilifunga. Ripoti ya pili haiifuti ya kwanza. Yule fundi wa mwanzo alilaumiwa mno mjini, lakini mtazame alichokuwa nacho mkononi: mstari mmoja, usiosema ni wakati gani, kasi gani, sekunde ngapi, wala kama nyekundu ilibaki inawaka. Kwa mstari huo, kusafisha swichi ni jambo ambalo fundi yeyote angeanza nalo. Kama ujumbe wote wa kundi lile ungekuwa kwenye kitabu, maingizo yangefuatana ukurasa kwa ukurasa, na fundi wa pili asingethubutu kuandika tena "swichi imesafishwa". Angeuliza kwa nini swichi inachafuka kila wiki. Angetoa bolti.

Bushi, bolti na springi za kiungo kile ni matengenezo ya siku moja bandani. Kilichofuata ni injini mbili kufunguliwa, mapanga mawili kubadilishwa, bati la pua kukatwa na kuundwa upya.

Mwenye ndege amebadilisha utaratibu, na ameniruhusu niueleze. Taa ya gia ikizidi sekunde saba inaandikwa, hata ikiwaka. Anayeandika anataja kasi, kimo, na kama nyekundu na honi vilikuwepo. Hitilafu ya gia ikiandikwa mara ya pili, fundi haruhusiwi kuifunga kwa kusafisha swichi pekee: lazima ndege ipande jeki, kiungo kipimwe kimepita mstari kwa kiasi gani, bolti itolewe iangaliwe kwa jicho, na kushusha kwa dharura kujaribiwe pia. Kundi la WhatsApp lipo bado, na ujumbe wowote wa hitilafu hujibiwa kwa kuulizwa namba ya ukurasa wa kitabu.

Jambo moja hatujakubaliana. Ninataka ndege za pwani zipimwe kiungo cha mbele kila ukaguzi wa saa 100, hata kama hakuna lalamiko lolote, na yeye anaona kufungua kiungo kizima mara kwa mara kunaweza kuleta makosa ya kufungia. Ana hoja, maana nimewahi kuona nati iliyorudishwa bila pini yake. Nimempendekezea tupime bila kufungua: mguu uninginie kwenye jeki, ushikwe kwa mkono, usukumwe mbele na nyuma, na mchezo wa kiungo, yaani kulegea kwake, usomwe kwa geji. Geji ameagiza.